Mkono Juu ya Bomba

Kijiji cha Ujamaa Kang'ata,
Handeni.
12 Januari 1976

Kwa mdogo wangu Sadala Mwinjuma,
Ghalani, Korogwe.

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa jua, ambalo mwaka huu limekuja na hasira zake zote. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mwalimu. Mliokuwa mkinicheka, bibi mzima anakwenda darasa la watu wazima na daftari kwapani, chekeni sasa.

Nina jambo, na lisikutoke mdomoni. Ni huyu mkwe wangu Hiza, Mshambaa wa Mpale, dereva wa lori la kijiji. Desturi unaijua: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Nikimwona njiani naingia majanini upande wangu, naye anaingia majanini upande wake, tunapishana kama watu waliogombana. Kwa hiyo siwezi kumwuliza. Wewe ni mjomba wa mke wake, unaweza.

Kwanza, kila safari ya Korogwe anachelewa. Mwenyekiti akimwuliza anasema gari lilipata joto. Lakini waliopanda naye wanasema anasimama Kwedizinga, siku zote pale pale, kwa mjane mmoja anaitwa Mashavu. Pili, amelitia gari bomba refu la bati, limetokeza juu ya paa, kalivika magunia ya katani, na magunia yenyewe kayalowesha maji. Nani anavika gari nguo mbichi? Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mashine ya lori lile imo ndani, kati ya kiti cha dereva na cha abiria. Hapo ametoboa tundu kwenye bomba akachomeka kijiti cha kioo, na ndani ya kioo mna kitu chekundu. Mwanangu Mwantumu, mkewe, amekiona kwa macho yake. Anasema hicho chekundu hupanda na kushuka.

Hapa kijijini wameanza kunong'ona kuwa ni mumiani, kwamba gari linakinga damu za watu. Mimi sijasema ndiyo. Sijasema hapana pia.

Ningeyaacha, lakini Mwantumu ana mimba ya miezi saba. Nesi wa zahanati amempapasa akasema mtoto amelala kimshazari, asithubutu kuzalia nyumbani, apelekwe hospitali huko Korogwe siku zikikaribia. Na gari la kumpeleka ni lipi kama si hilo hilo? Mwanangu wa pekee nimpandishe humo?

Chunguza. Barua hii anakuletea mwenyewe ninayemsema, maana hakuna gari lingine. Nimeibandika kwa ugali. Ukiona ugali umepasuka, jua.

Dada yako,
Hajira Mwinjuma


Korogwe,
20 Januari 1976

Dada Hajira, shikamoo.

Barua imefika na ugali wake haukupasuka, isipokuwa pembeni palipoonjwa na sisimizi.

Nimechunguza. Kazi ya ghala imenifundisha kutomwamini mtu hata akiwa amelala. Hiza alipokuja kupakia nilisimama mlangoni mwa gari nikijifanya natafuta kalamu yangu. Kioo nimekiona. Kimefungwa uzi mweusi katikati. Aliwasha gari, akakanyaga mafuta, na wallahi dada, kile chekundu kilipanda chenyewe bila kuguswa na mtu.

Nikamwuliza. Aliinamisha macho kwa heshima ya ukwe, akasema hicho ni kipimajoto, kinapima joto la hewa. Nikamwambia hewa ya Korogwe haihitaji kipimo, kila mtu anatokwa na jasho. Akasema si hiyo, ni hewa inayovutwa na mashine. Eti lori letu si kama mengine, lina pampu iitwayo supachaja inayoishindilia hewa ndani. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Moto ukizidi gari linaishiwa nguvu, na mwisho wake pistoni inayeyuka kama mwaka jana. Kwa hiyo ameitoa pua ya gari, pale linapovutia hewa, karibu na mashine ilikokuwa inavuta joto la rejeta, akaipeleka juu ya paa kwenye upepo. Magunia mabichi ni ya kulipoza bomba, na kioo kiko pale hewa iliyoshindiliwa inapopita. Chekundu kikifika kwenye uzi, anasimama mpaka kishuke.

Maneno yalipangika vizuri mno. Mtu mkweli husitasita kidogo. Nikamwuliza, na kioo chenyewe umekitoa wapi? Hapo akanyamaza. Nikarudia. Akasema, "Nimeazima, mjomba." Kwa nani? Akasema anakwenda kukaza kamba za mzigo.

Dada, kamba zilikuwa zimekwisha kukazwa. Nilizikaza mimi.

Mdogo wako,
Sadala


Kang'ata,
29 Januari 1976

Sadala,

Kamba! Nilijua tu.

Jana lori liliingia alasiri, watoto wakalikimbilia kama kawaida yao. Yale magunia yalikuwa yanatona maji, na maji yenyewe yalikuwa mekundu. Mekundu, Sadala. Mama mmoja alipiga yowe akamnyakua mwanawe, na sote tukarudi nyuma. Hiza akasema ni vumbi la barabara limechanganyika na maji. Labda. Mimi nimezaliwa katika udongo huu mwekundu, nimefua kanga zangu humo miaka yote, lakini sijawahi kuona vumbi likitona kutoka kwenye gari.

Wanawake wenzangu wakanigeukia. Wewe ndiye mama mkwe, unasemaje? Safari hii nilisema. Nilisema lisemwalo lipo. Tangu hapo hakuna mwanamume anayekubali kuligusa lori lile. Wanasema atakayeshusha gunia humo, siku moja atashushwa yeye. Mwenyekiti amewakaripia kwamba kazi ni ya kijiji na si ya mkwe wa Hajira, wakamsikiliza, wakaenda zao mashambani.

Mwantumu analia. Anasema Hiza anataka lori liwe zima siku yake ikifika, hakuna lingine. Nikamwuliza, na huyo Mashavu je? Akanyamaza kama mumewe. Naona mume na mke wamefundishana kunyamaza, na anayefichwa ni mimi.

Sasa sikia. Kichomoe kioo hicho ukae nacho. Wewe ni mjomba, hawezi kukunyang'anya. Kitunze mpaka tujue ni cha nani na kinakusanya nini.

Hajira


Korogwe,
9 Februari 1976

Kwa mama mzaa chema,

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kukuandikia. Mkwe hana ruhusa ya kumsemesha mama mkwe, lakini wazee hawakusema lolote kuhusu karatasi. Barua nitampa Mwantumu, nami nitakuwa nimekwisha kuondoka kabla hujaifungua.

Juzi mjomba Sadala alikichomoa kipimajoto mbele ya wapakiaji akakitia mfukoni. Sikumzuia. Ni mjomba.

Mama, unakumbuka mwaka jana lori lililala miezi mizima pale uwanjani, kuku wakataga chini yake. Nililipandisha kilima mchana na mzigo kamili, likivuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta, nami sikujua ina joto gani. Nilisikia nguvu zinapungua nikazidi kukanyaga, mjinga mimi. Pistoni ikatoboka. Nyingine ilibidi itoke ng'ambo, na sasa mwenyekiti ameambiwa hakuna fedha za kigeni. Ikiyeyuka tena, lori limekufa. Kipimajoto ndicho kinachonionya mapema. Bila hicho nafunua kifuniko cha mashine nalipapasa bomba kwa kiganja huku naendesha, na kiganja hudanganya.

Siombi kwa ajili ya mzigo wa mtu. Mwezi ujao nitamchukua mke wangu humo, na pale kilimani sitaki kubahatisha. Nakuomba umwambie mjomba anirudishie.

Mkweo,
Hiza


Kang'ata,
11 Februari 1976

Hiza,

Nimesoma. Unaandika vizuri, kama watu wote wenye jambo la kuficha.

Nyie Washambaa mmezaliwa kwenye ukungu. Mkishuka huku kwetu kidogo tu mnalia joto, sasa hata gari mmelifundisha kulia. Huo ni utani, maana ulikuwa mtani wangu kabla hujawa mkwe wangu. Yanayofuata si utani.

Kioo ni cha nani?

Kwa nini Kwedizinga, tena kwa Mashavu, wakati njia nzima ina watu?

Mwantumu anajua nini ambacho mimi mama yake sikijui?

Jibu hayo, ndipo nitakapojua nimwandikie nini mdogo wangu.

Hajira


Korogwe,
15 Februari 1976

Mama, shikamoo.

Kioo ni cha Mashavu. Marehemu mumewe alikuwa akichemsha maziwa kwenye shamba la mzungu mmoja, kabla halijataifishwa, na kioo hicho alikitumia kupimia maziwa yasizidi moto. Alipofariki kikabaki kimening'inia ukutani. Nilikiona siku niliyosimama kuomba maji ya gari, nikamwomba aniazime. Ndani yake mna rangi tu. Sikumtaja kwa mjomba kwa sababu nilijua nikitaja jina la mwanamke, habari ya kipimajoto haitasikilizwa tena.

Nasimama kwake kwa kuwa chekundu hufika kwenye uzi pale pale, tukimaliza kilima cha Kwedizinga, na kisima chake ndicho kisichokauka. Ni mtu mzima, mama. Angeweza kunizaa. Mwantumu anajua yote tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme, na hapo nilikosea.

Najua huniamini. Basi usiniamini mimi. Mwalimu ana baiskeli. Azima pampu yake, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma kwa nguvu mpaka uchoke, halafu ushike pampu kule chini. Supachaja ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yangu haichoki.

Mkweo,
Hiza


Kang'ata,
19 Februari 1976

Sadala,

Kakiri! Kioo ni cha Mashavu, kaandika mwenyewe kwa wino. Eti ni mtu mzima, angeweza kumzaa. Loo! Kwani sisi hatujawaona wanaume kwa wanawake ambao wangeweza kuwazaa? Mtu anakunyima jina karibu mwezi mzima, halafu anakupa akitaka umshukuru.

Kuna lingine, nakwambia wewe tu. Nilikwenda kwa mwalimu nikaazima pampu, nikamwambia ni ya mtoto wa jirani. Nikajifungia jikoni. Nilisukuma mpaka kilemba kikanidondoka. Sadala, ile pampu ilinichoma! Hakukuwa na moto jikoni, jiwe lilikuwa baridi tangu asubuhi, na pampu inanichoma kidole. Nikasukuma tena, ikanichoma tena.

Kwa hiyo la joto ni kweli. Na la mwanamke linaweza kuwa kweli pia, moja halifuti lingine. Kioo kikae kwako. Mwantumu atazalia hapa hapa kwa wakunga, kama tulivyozaliwa mimi na wewe. Nesi ni mtoto mdogo, anaogopa kila kitu.

La pampu usimwambie mtu.

Hajira


Korogwe,
25 Februari 1976

Dada, shikamoo.

La pampu nimelizika. Kioo kiko salama, nimekifungia kabatini na ufunguo ninao kiunoni. Usiwe na wasiwasi nacho hata kidogo, wala si lazima ukiulizie katika kila barua.

Hiza namtazama bado. Tangu kioo kiondoke anafika amechelewa zaidi kuliko kwanza. Ama ni kweli haoni mbele, ama amepata kisingizio kipya cha kukaa Kwedizinga. Nimejaribu kuamua nimeshindwa.

Lakini la wakunga, dada, hapo nakuomba ufikiri tena. Mke wa mwenzangu hapa ghalani alikuwa na mtoto wa kimshazari. Walijaribu kumgeuza nyumbani. Sitaki kukuandikia kilichotokea. Mshuku Hiza utakavyo, mimi mwenyewe namshuku, ila gari ni gari.

Mdogo wako,
Sadala


Kang'ata,
Jumatatu, 1 Machi 1976

Sadala,

Miguu ya Mwantumu imevimba. Mkunga mkubwa amekuja akampapasa, akaosha mikono, akaniita nje, akasema, "Huyu mpeleke." Mtoto hajageuka.

Nimeshindwa. Nisikilize vizuri: Hiza sijamwamini. Ila nimeogopa, na woga umezidi shaka yangu. Alhamisi anakuja kwako kuchukua saruji ya shule. Mrudishie kioo chake mkononi. Akishafika nacho, Ijumaa alfajiri, kukiwa bado baridi, watakwenda.

Usisahau, Sadala. Nakuomba kama mtu anayeomba.

Dada yako,
Hajira


Korogwe,
Alhamisi, 4 Machi 1976

Dada,

Naandika Hiza amesimama mlangoni ananingoja, saruji imekwisha kupakiwa. Yeye nimemwambia kioo kimepotea. Wewe siwezi kukwambia hivyo.

Kioo hakipo tangu siku ile ile nilipokichukua. Nilikitia mfuko wa nyuma wa suruali, nikakisahau, nikakikalia. Kile chekundu kilinilowesha. Nikakinusa, dada. Ni spiriti, kama ile ya nesi. Si damu, na nimelijua hilo mwezi mzima. Sikukwambia, kwa sababu ungeniuliza nimejuaje. Nikakuacha uendelee kusema lisemwalo lipo.

Nilipomwambia kimepotea aliinua macho akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Haya, mjomba."

Nisamehe.

Sadala


Kang'ata,
14 Machi 1976

Kwa Hiza,
aliye hospitali na Mwantumu,
Korogwe.

Nasikia Mwantumu ameanza kunywa uji. Alhamdulillahi. Mimi nimeondoka hapo kwa sababu mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa kando ya kitanda kimoja cha mgonjwa, na wewe ndiye anayekutaka.

Mtoto tumemwombea hapa jana. Watu walijaa, hata wale waliokataa kuishusha saruji Alhamisi ile. Sikuwasema. Wangeishusha, tungekwenda wepesi, na kilima kile kingekuwa kitu kidogo. Lakini niliyewatia hofu ya lori lako ni mimi, nitamsema nani?

Uchungu ulimshika pale pale ulipoingia, jua la utosi, alfajiri haikungojewa. Nesi na Mwantumu juu ya mifuko kwenye godoro, mimi mbele. Ulifunua kile kifuniko, ukaweka kiganja chako juu ya bomba, ukakiondoa, ukashika usukani. Nikaelewa. Nikageuza uso dirishani kama desturi, nikaweka mkono wangu pale. Kilimani bomba likawaka. Nikasema, "Simama!" Ndilo neno la kwanza kukwambia kwa mdomo wangu tangu umwoe mwanangu. Ukasimama. Likapoa, nikasema, "Nenda." Ukaenda.

Kwedizinga yule Mashavu akapanda nyuma na madebe yake, akawa anamwagia magunia maji. Sikumsalimia.

Hiza, nimekuuliza mengi mwaka huu. Sasa nina moja tu na nataka la kweli. Kule kilimani kiganja changu kilibabuka. Ngozi ilibaki kwenye bati. Baada ya hapo kila nilichogusa kilikuwa moto. Nilikusimamisha tena, na tena, na mara ya mwisho tulikuwa tumekwisha kuingia katikati ya mikonge, mji unaonekana, tukakaa pale mpaka magunia yakaloweshwa yote upya. Daktari aliniambia moyo wa mtoto ulisimama muda mfupi tu kabla hatujafika.

Bomba lilikuwa moto, au ulikuwa mkono wangu?

Hajira


Korogwe,
19 Machi 1976

Mama, shikamoo.

Mwantumu anakusalimu. Leo ameketi mwenyewe, akaniuliza kama nyumbani mmelima.

Bomba lilikuwa moto. Kila uliposema simama, palistahili kusimama. Bila wewe pistoni ingeyeyuka tungali porini, na ningewapoteza wote wawili. Uliendesha safari ile vizuri kuliko kipimajoto chochote. Usijiulize tena, mama. Tafadhali paka mkono dawa aliyokupa daktari na usiulowanishe.

Mkweo,
Hiza


Kang'ata,
27 Machi 1976

Hiza,

Juzi nilipata gari la serikali nikashuka Kwedizinga. Sikukwenda kushukuru. Nilikwenda kumchunguza Mashavu kuhusu wewe, maana tabia haitoki kwa siku moja. Nikamkuta ni bibi kama mimi, tena anachechemea. Akanitandikia mkeka, akanipa pole, akalia kabla yangu.

Kisha akaniambia, wala sikumwuliza. Ni kuhusu pale kwenye mikonge, mara ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshuka nimekwenda nyuma kumshika mwanangu. Mashavu anasema alikuja mlangoni kwako akatia mkono wake kwenye bomba kuona kama maji yamefanya kazi. Nusu ya magunia ilikuwa haijaloweshwa bado, nalo bomba limekwisha kupoa, vuguvugu tu, la kushikwa na mtu yeyote. Akakwambia, "Limepoa hili, nenda!" Nawe ukamjibu, "Najua. Mama amesema simama."

Nilimwuliza mara tatu. Mara zote tatu alisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo ulijua. Kaa nalo hili kama ninavyokaa nalo mimi. Tangu Januari umenieleza ukweli mtupu, wa hewa, wa pampu, wa kioo, wa mwanamke, nami nikaukataa wote. Uongo wa kwanza ulionipa ni huu wa barua ya juzi, nao nilitaka kuuamini, wallahi nilitaka sana.

Sikulaumu kwa uongo. Nakulaumu kwa ile heshima. Mimi nageuza uso dirishani nisikutazame, wewe unafunga mdomo usinipinge, na mtoto yumo tumboni anangoja tumalize adabu zetu. Mkono wangu ulikuwa umeungua, Hiza, haukujua kitu. Wewe ulijua.

Ungenikatalia. Ungenifokea mbele ya Mashavu na nesi na mwanangu. Ungeniacha pale pale kwenye mikonge na mkono wangu, ukaenda.

Hajira